Umemaliza?

Usiku wa pili wa msiba, mnamo saa nne, nilikuwa nimekaa na Fundi nje ya turubai, juu ya tofali zilizobaki za ule ukuta ambao hajawahi kuumalizia. Ndani akina mama walikuwa wameshanyamaza. Upande wetu vijana walicheza karata chini ya taa ya chaji, mzee mmoja anakoroma kwenye kiti cha plastiki, na daftari la rambirambi lipo mezani, limewekewa jiwe lisipeperuke. Mtoto wake wa mwisho tulikuwa tumemzika jioni ile. Miaka sita.

Fundi alikuwa anachora mstari mchangani kwa kidole gumba cha mguu. Akasema, bila kuniangalia, "Hata sijui kwa nini."

Nami nikamjibu.

Nilizungumza dakika ishirini, labda na zaidi. Nikamweleza, kwa lugha ya Kabala, elimu ya siri ya Wayahudi, jinsi Ein Sof, Asiye na Mwisho, alivyojikunja ili pawe na nafasi ya kitu kingine kuwepo. Jinsi nuru ilivyomiminwa kwenye vyombo kumi, vya juu vikaihimili, vya chini vikapasuka, na cheche 288 zikaanguka pamoja na vigae. Nikamwambia kwamba uchungu alionao ni kigae kimojawapo, na ndani ya kigae hicho imo cheche inayomngoja yeye aiinue. Nilisema vizuri. Najua nilisema vizuri kwa sababu kuna sentensi moja ilinitoka nzima nzima, tamu, nikaipenda mpaka nikairudia.

Alisubiri hadi niliponyamaza.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Haya. Ngoja nikaangalie kama maji ya wageni yapo."

Akanyanyuka, akajipangusa vumbi, akaenda.

Viatu mlangoni

Wasomaji wa zamani mnalijua kundi letu la Alhamisi la kusoma Kabala, sina haja ya kulieleza upya. Ambacho sijawahi kuandika ni kwamba lilianza na Fundi. Alikuja nyumbani kutengeneza friji, akaona kitabu mezani, akakifungua kwa kidole kilichojaa grisi na kuuliza mbona kinaanzia nyuma. Nikamwambia Kiebrania huenda kutoka kulia, kama Kiarabu. Akauliza kinasema nini. Alipoondoka ilikuwa saa mbili usiku, na friji bado haijafungwa mgongo. Toka siku hiyo akawa ananiita Rabi, kwa utani, na mimi nikawa nakataa kwa mdomo tu.

Nimemwomba ruhusa kuandika haya. Alisema niandike, ila nisiweke jina.

Tulikua polepole. Wanne, saba, kumi na mmoja. Siku tulipofika kumi na mmoja nilivipiga picha viatu vilivyopangwa mlangoni, nikaiweka kwenye grupu la simu bila maneno, kana kwamba picha inajisemea. Grupu lenyewe nililipa jina la Ngazi, kwa sababu ufafanuzi wa Zohar, kitabu kikuu cha Kabala, alioandika rabi Yehuda Ashlag unaitwa Sulam, yaani ngazi. Nikituma somo usiku, asubuhi hata sijapiga mswaki nishaangalia tiki za bluu. Nani kasoma, nani hajasoma, nani kasoma akanyamaza.

Na nilikuwa na hoja ya kunisafisha. Ashlag anafundisha kwamba mwanadamu kaumbwa kuwa tamaa ya kupokea, na safari yote ya roho ni kuigeuza tamaa hiyo iwe ya kutoa. Sasa kama kutoa ndiko kukua, na kilicho bora nilichonacho ni mafundisho haya, basi kila mtu ninayemfikishia ni kipandio changu kimoja. Hesabu ilikubali kabisa.

Siku tano baada ya kuanua matanga, simu ikaonyesha ule mstari mdogo wa kijivu: Fundi ametoka kwenye kundi.

Hakuna aliyeuliza. Nami sikusema.

Wiki ya kwanza nilijiambia ni majonzi, atarudi. Wiki ya pili nilijiambia kitu ambacho naona aibu kukiandika, lakini bila hicho makala hii haina maana: nilijiambia chombo chake bado ni kidogo.

Chuma pilipili

Mimi mwenyewe nilifundishwaje?

Nilikuwa na miaka 26, kwenye mafunzo ya kilimo, miezi kumi na moja katika bonde la Arava, kusini mwa Israeli. Jangwa tupu, na katikati yake mabanda ya nailoni yaliyojaa pilipili hoho. Msimamizi wetu alikuwa mzee ambaye wazazi wake walitoka Moroko. Kwenye pikapu yake, pale mbele juu ya dashibodi, alikuwa na kijitabu kidogo cha Zohar, kurasa zimepinda kwa jua. Tukisubiri maji yapande kwenye mipira ya matone, yeye anasoma kwa sauti, akiyumbayumba kidogo.

Nilimuuliza inasema nini.

"Sijui. Ni Kiaramu."

"Sasa unasoma ya nini?"

"Baba alisoma."

Baadaye nilikuja kujua kwamba hilo ni jambo la kawaida kwa Wayahudi wa Moroko na wa Djerba kule Tunisia: Zohar husomwa hata na asiyeielewa, kusoma kwenyewe ni ibada. Wakati ule niliona ni ujinga. Nilimsumbua miezi. Kila nikiuliza juu ya nuru, juu ya malaika, juu ya ile michoro ya duara kumi nilizoziona mtandaoni, jibu lilikuwa moja: chuma pilipili. Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayekukumbusha kitu ulichokisahau.

Likizo moja nikapanda basi mpaka Safed, kule Galilaya, kwenda kuliona kaburi la Isaac Luria, mwalimu wa karne ya 16 aliyefundisha habari za vyombo na cheche. Makaburi yako kwenye mteremko, lake limepakwa buluu ya mbingu, nta ya mishumaa imegandia mawe. Watu wanaweka kijiwe, wananong'ona, wanaondoka. Nilikaa pale saa nzima nikitegemea kuhisi kitu. Nilihisi njaa.

Mzee alinihadithia kitu kimoja tu katika miezi yote ile. Ilikuwa Ijumaa mchana, kazi imeisha mapema kwa ajili ya Sabato, tumekaa kivulini tunakunywa chai yenye nana. Hadithi ya pango. Nitaifikia.

Kubali

Kuna kitu nilikipenda sana kukisema Alhamisi. Neno Kabala maana yake ni kupokea, kile kilichopokewa. Mzizi wake ni k, b, l, na Kiarabu kina mzizi huo huo, na sisi kutoka kwa Waarabu tukachota kubali. Na takabali. Na kabla, na kibla, na mkabala. Nilikuwa nikifika hapo watu wanaguna kwa raha, na yule kijana anayeuza vocha alisema mara moja, "Kumbe tulikuwa nayo siku zote." Niliitumia mistari hiyo kama mpishi anayejua pilau yake inasifiwa.

Ila sikuwahi kusimama na kujiuliza kwa nini elimu hii iliitwa kupokea, wakati mimi nilishajiteua kuwa mtoaji.

Ashlag ana mfano wa mgeni na mwenyeji. Mtu kaalikwa mezani, chakula kimeandaliwa, ana njaa kweli. Lakini kula vya bure kunamtia aibu. Wahenga wao wanauita mkate wa aibu. Basi anakataa. Mwenyeji anasisitiza. Anakataa tena. Mwenyeji anambembeleza, mpaka mgeni anaona kwamba kula kwake ndiko kutakakomfurahisha mwenye nyumba. Hapo anakula, na kile kile kilichokuwa kupokea kimegeuka kutoa.

Mswahili hahitaji ufafanuzi wa hilo. Karibu chakula. Aa, nimeshiba, asante. Njoo ugonge hata tonge moja. Basi ngoja ninawe. Tumelelewa ndani ya huo mfano.

Lakini mfano una watu wawili, na mimi kila nilipousoma nilijiweka kwenye kiti cha mwenyeji bila hata kufikiri. Mwenye sufuria. Mwenye kusisitiza. Sikuona kwamba kwenye yale matofali nilikuwa nimekuja na njaa yangu mwenyewe, njaa ya kusikilizwa, na Fundi ndiye aliyekuwa amenilisha dakika ishirini nzima.

Nilimsimulia mke wangu wiki ya tatu. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Alikuwa amekula?"

"Nani?"

"Fundi. Usiku ule. Alikuwa amekula?"

Sikujua.

Ole wangu nikisema

Nikarudi kwenye vitabu, safari hii nikitafuta kitu kimoja tu: wale wenyewe walifikiriaje juu ya kusema? Nilitarajia kukuta baraka kwa wasambazaji. Nilichokuta ni ugomvi wa karne nyingi.

Isaac wa Provence, yule aliyeitwa Kipofu, aliyefariki karibu mwaka 1235, aliwaandikia barua wenzake wa Gerona, Hispania, waliokuwa wakiyatoa mambo haya hadharani. Aliwaonya kwamba kilichoandikwa hakina kabati. Ukishaandika, hujui kitaangukia mikononi mwa nani. (Naandika hili kwenye blogu. Najua.)

Luria alifika Safed mwaka 1570, na mwaka 1572 tauni ikamwondoa, akiwa na miaka 38. Miaka miwili tu ya kufundisha, na karibu kila kitu tunachoambiwa leo juu ya vyombo na cheche kimetoka hapo. Yeye mwenyewe hakuandika karibu chochote. Inasimuliwa kwamba alipoulizwa kwa nini, alijibu kwamba akifungua kinywa tu anahisi bahari imevunja kingo zake. Sasa ataipitisha kwenye mfereji gani, mwembamba kiasi gani, asije akamzamisha mwanafunzi? Niliwahi kuisoma sehemu hiyo kwenye kundi letu kama sifa ya ukubwa wa elimu yake. Safari hii nilichokiona ni mtu anayemwogopea mwanafunzi wake.

Mwaka 1575, miaka mitatu baada ya kifo chake, wanafunzi kumi na wawili walitia saini hati. Waliahidi kusoma kwa Hayyim Vital, mwanafunzi wake mkuu, kutomshurutisha afichue zaidi ya anachotaka, na kutowatolea wengine waliyoyasikia kwake. Watu wazima, wasomi, wanatia saini kwamba tutafunga midomo. Mimi grupu langu sharti lake lilikuwa moja: msitume matangazo ya biashara.

Halafu likaja balaa la Sabbatai Zevi. Mamia ya jumuiya, kutoka Yemen hadi Amsterdam, zilimwamini kuwa ndiye Masihi, kwa hoja zilizojengwa juu ya cheche na vyombo hivyo hivyo. Mwaka 1666, mbele ya Sultani, akasilimu. Watu walikuwa wameshauza nyumba. Baada yake akaja Jacob Frank, aliyejidai kuwa mrithi wake, na marabi wakaona basi. Mwaka 1756 huko Brody, mji ambao leo uko Ukraine, wakaweka umri: Zohar usiiguse kabla ya miaka 30, maandiko ya Luria kabla ya miaka 40. Mimi wa miaka 26, na simu yenye kioo kilichopasuka, nilikuwa nimeshayasoma yote mawili kwa muhtasari wa kurasa tatu.

Ashlag anasimama upande wa pili, na ndiye niliyekuwa nikijifichia. Alihamia Jerusalem kutoka Warsaw mwaka 1921, na maisha yake yote alisukuma jambo moja: kwamba wakati wa kuficha umepita. Mwaka 1940 alitoa hata gazeti. Serikali ya Waingereza ililifunga baada ya toleo moja. Sulam aliimaliza mwanzoni mwa miaka ya 1950, akafariki mwaka 1954. Anasema wazi kwamba anashukuru kuzaliwa kwenye kizazi kilichoruhusiwa kuyasema haya.

Lakini nilikuwa sijasoma vizuri. Huyo huyo Ashlag anataja sababu tatu za kufunika jambo, na ya kwanza kabisa si utakatifu wala hatari. Ya kwanza ni kwamba halihitajiki. Jambo ambalo kulisema hakumletei msikilizaji faida, usiliseme. Na anamtahadharisha mtu wa "kwani kuna ubaya gani?", yule anayesema kitu kwa kuwa tu hakidhuru. Huyo, anasema, ndiye mharibifu.

Kwani kuna ubaya gani. Nimeyatamka maneno hayo mara ngapi kabla ya kubonyeza tuma?

Pango

Sasa hadithi ya mzee. Imo kwenye Talmud, mkusanyiko wa kale wa sheria na masimulizi ya marabi, na yeye aliisimulia akitafuna mbegu za alizeti, kwa hiyo nitaisimulia kama nilivyoisikia.

Rabi Shimon bar Yochai aliwasema vibaya Warumi, wakamhukumu kifo. Akakimbilia pangoni yeye na mwanawe Elazar. Ukatokea mti wa karobu na chemchemi. Wakavua nguo zisichakae, wakajifukia mchangani mpaka shingoni, wakasoma miaka kumi na miwili. Kisha Eliya akasimama mlangoni na kusema Kaisari amekufa, hukumu imefutika. Wakatoka. Wakawaona watu wanalima na kupanda. Wakachukia: hawa wanaacha uzima wa milele wanashughulika na wa kupita! Na popote walipotupa macho, pakaungua.

Ikasikika sauti kutoka mbinguni. Mmetoka ili kuiharibu dunia yangu? Rudini pangoni.

Hapo mzee alitema maganda, akasema, "Miaka kumi na miwili ya kusoma. Rudini pangoni."

Wakarudi miezi kumi na miwili zaidi. Walipotoka mara ya pili, Elazar bado macho yake yanachoma, ila baba yake anaponya pale mwana alipochoma. Jua linakaribia kuzama, Ijumaa, wakamwona mzee mmoja anakimbia na mashada mawili ya mihadasi. Ya nini? Kwa heshima ya Sabato. Shada moja halitoshi? Moja la "kumbuka", moja la "shika", maneno mawili ya amri ya Sabato. Basi nafsi zao zikatulia. Hakukuwa na muujiza mwingine, ni babu tu anayewahi nyumbani na majani yanayonukia.

Mzee aliishia hapo, akaniambia Sabato njema, akawasha pikapu. Nyuma alikuwa na maua kwenye ndoo.

Kwa miaka mingi nami niliishia hapo. Majuzi nikaitafuta yenyewe, nikakuta inaendelea. Rabi Shimon, akiwa ameshapona mwili uliopasukapasuka kwa mchanga, anawauliza watu: kuna kitu hapa kinachohitaji kutengenezwa? Neno alilolitumia ni la mzizi ule ule wa tikkun, lile ambalo wanafunzi wa Luria walikuja kulifanya jina la ukarabati wa ulimwengu mzima, kuunganisha vigae, kuinua cheche. Nimelitolea masomo sita hilo neno. Na wakamjibu: ndiyo, kuna mahali huku panashukiwa kuwa na makaburi, makuhani wanapata shida kuzunguka. Akaenda, akakagua ardhi, palipo pagumu akasema pasafi, palipolegea akapawekea alama. Wakapata njia.

Yaani mtu aliyekaa pangoni miaka kumi na mitatu, ambaye Zohar yote inanasibishwa naye (wanazuoni wengi wanasema iliandikwa Hispania mwishoni mwa karne ya 13, kwenye duru ya Moses de León, na sina ugomvi nao), kazi ya kwanza anayoiomba mjini ni barabara.

Na aliuliza kwanza.

Ndama

Nilikuwa na kinga yangu moja ya mwisho, na nilikaa nayo siku kadhaa. Ni huyu huyu Shimon, kabla ya pango, akiwa kijana. Mwalimu wake Akiva yuko gerezani kwa sababu ya kufundisha. Shimon anakwenda kumwambia: nifundishe. Akiva anakataa. Shimon anamtishia, nusu utani: usiponifundisha nitamwambia baba. Akiva anajibu kwamba mwanangu, kuliko ndama anavyotaka kunyonya, ng'ombe anataka kunyonyesha zaidi. Ni hatari tu inayonizuia. Na Shimon anamjibu: aliye hatarini ni nani, si ndama?

Nilikulia kwenye nyumba yenye ng'ombe. Najua kiwele kikijaa kinauma, najua ng'ombe anavyolia jioni. Mstari huo ulikuwa kibali changu: ndivyo nilivyo, nimejaa, siwezi kukaa kimya.

Lakini sijawahi kuona ng'ombe anayemfukuza ndama zizini kote. Ndama alikuja mwenyewe. Alikuja mpaka gerezani, akaomba, akakataliwa, akaomba tena.

Fundi alisema "hata sijui kwa nini". Nimeirudia sentensi hiyo kichwani kwa wiki sita, kwa sauti zote. Haina alama ya kuuliza. Hakuwa ananiuliza mimi, wala pengine hakuwa anauliza. Kiswahili kina neno la saa ile, nalo ni pole, na kina kitendo cha saa ile, nacho ni kukaa. Mimi nilikuwa na vyote viwili nikavipita nikakimbilia Galilaya ya karne ya 16.

Kwenye Zohar, kabla ya kufundisha kwenye lile kusanyiko kubwa, Rabi Shimon analia: ole wangu nikifichua, ole wangu nisipofichua. Na ndiye mwenyewe hasa. Sikumbuki hata Alhamisi moja niliyowahi kusita namna hiyo. Mimi wasiwasi wangu ulikuwa kama spika ya bluututhi ina chaji.

Mama yangu mdogo, ambaye toka mwanzo anaamini hii ni frimasoni na ananiombea kila Jumapili, alifurahi aliposikia nimepunguza. Sikumwambia kwamba sijaacha. Alhamisi bado tunakaa, wale wanaotaka. Tunasoma ukurasa, halafu nanyamaza, kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda. Wawili wameacha kuja kwa kuchoka. Kijana wa vocha amebaki, na juzi aliongea kitu juu ya baba yake ambacho miaka yote hii sikukijua, kwa sababu ukimya ulikuwa mrefu na mtu ilibidi aujaze. Nilifurahi, kisha nikajishtukia najipongeza kwa kunyamaza. Nimemwona yule yule anayehesabu viatu, sasa anahesabu dakika za kimya chake.

Tochi

Friji yetu iliacha kugandisha. Mke wangu akasema muite Fundi. Mimi, kwa woga mtupu, nikaita mwingine. Akaja, akajaza gesi, akachukua hela yake. Siku tatu, maji hayapoi, mashine inanguruma kama inapanda mlima.

Nikaipakia kwenye kirikuu mpaka kwa Fundi.

Alikuwa amekonda. Tulisalimiana kama watu wa mtaa mmoja. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, yamepangwa vizuri, na yalikuwa marefu. Nikasema, "Fundi, nisamehe kwa ule usiku." Akasema, "Ilete huku ndani, kuna kivuli."

Akafunga geji, akaitazama, akaguna.

"Nani kakujazia?"

Nikamweleza.

"Kazidisha. Watu wanadhani ukizidisha ndiyo inaganda sana. Ikizidi haigandishi kabisa, na kompresa inakufa."

Nilihisi somo linanipanda kooni. Lilikuja lote, nuru, vyombo, Luria na bahari yake, tamu kuliko lolote nililowahi kulitoa. Nikaokota tochi iliyokuwa juu ya meza na kumuuliza kama anaihitaji.

"Niangazie hapa kwenye geji."

Akaitoa gesi yote. Akafunga mashine ya kuvuta hewa, tukakaa juu ya makreti ya soda kusubiri. Nilimuuliza amekula. Akasema bado. Nikaenda kuchukua chapati na maharage kwa mama wa pale kona, tukala kwenye sahani moja, redio ya jirani inatangaza mechi. Akanisimulia kidogo juu ya mtoto, vitu vya kawaida, jinsi alivyokuwa akijificha kwenye mafriji mabovu hadi akayang'oa milango yote. Nilitazama. Kweli, hakuna friji hata moja kwenye karakana ile iliyokuwa na mlango.

Kisha akaanza kujaza upya. Anafungua vali kidogo, anafunga, anasikiliza, anagusa bomba kwa mgongo wa kiganja. Anangoja. Anafungua tena.

"Vile vyombo vyako," akasema, macho kwenye geji. "Ambavyo havikupasuka vilikuwa vingapi?"

"Vitatu."

Akafungua, akafunga. Akangoja.

"Kati ya kumi."

"Kati ya kumi."

"Shika tochi vizuri, kaka. Unaniangazia ukuta."